Kwa Nini Hawakimbii?

Banda la video la mji wetu wa Baraka halihitaji mengi. Mabenchi ya mbao, turubai la kuzuia mwanga wa mchana, televisheni juu ya meza ndefu, na jenereta inayonguruma nyuma ya ukuta. Anayewahi hukaa mbele akasikia filamu. Anayechelewa hukaa nyuma akasikia jenereta. Filamu za vita zina wateja wake, za karate zina wake. Lakini ikiwekwa filamu ya mlima unaotapika moto juu ya mji mdogo, banda zima huanza kubishana na kioo. Watu wa kwenye filamu wanaona moshi, wanasikia ardhi ikitikisika, kisha wanaendelea kunywa kahawa. Hapo ndipo swali hutoka mabenchi ya nyuma, kila mara lile lile: kwa nini hawakimbii?

Ni swali la watu wanaoijua kazi hiyo. Fizi, teritware yetu huku Kivu ya Kusini nchini Kongo, imekimbia sana. Wazee walikimbia miaka ya 1960, wakati wa uasi wa Simba. Watoto wao walikimbia 1996, vita vilipoingia kutoka kaskazini, na wengine wakakimbia tena baada ya 1998. Walijaza mitumbwi na maboti, wakavuka Ziwa Tanganyika mpaka Kigoma, wakapelekwa kambi za Lugufu na Nyarugusu. Mwaka 2005 meli zilianza kuwarudisha wakimbizi nyumbani, na Baraka hii hii ikawa bandari ya kuteremkia. Mtu aliyepita huko ana elimu isiyofundishwa darasani. Anajua sufuria hubebwa na kitanda huachwa. Anajua vyeti vya shule hufungwa kwenye nailoni. Anajua kwamba mzee asiyeweza kutembea ndiye anayeamua familia itaondoka saa ngapi.

Mtu wa namna hiyo huitazama filamu ya volkano kama seremala anavyoitazama meza iliyotengenezwa na mwenzake: anainama kwanza kuchungulia miguu.

Mji uliopewa tuzo

Tuichukue Dante's Peak, iliyotoka Februari 1997. Mwaka huo Hollywood ilitoa filamu mbili za volkano. Ya pili, Volcano, ilimwaga lava katikati ya jiji la Los Angeles. Dante's Peak ilichagua mji mdogo, na ndiyo maana inatugusa zaidi sisi wa miji midogo. Mwongozaji wake ni Roger Donaldson. Pierce Brosnan anacheza Harry Dalton, mtaalamu wa volkano wa serikali ya Marekani; Linda Hamilton ni Rachel Wando, meya wa mji na mwenye duka la kahawa. Mji unaoonekana kwenye filamu ni Wallace, mji wa machimbo huko Idaho. Mlima wenyewe haupo popote duniani.

Hadithi inaanza kwa sherehe. Mji umetunukiwa nafasi ya pili miongoni mwa miji midogo bora ya kuishi, na tajiri mmoja anataka kuleta mtaji wake. Katika wiki hiyo hiyo miti inakauka bila sababu, wanyama wadogo wanaokotwa wamekufa, vijana wawili waliokwenda kuoga kwenye chemchemi wanachemshwa wakiwa hai. Harry anataka wananchi waambiwe mara moja. Mkubwa wake, Paul Dreyfus, anakataa: ukitangaza hatari na mlima usilipuke, mwekezaji atakimbia, nyumba zitakosa wanunuzi, na safari nyingine hakuna atakayekusikiliza.

Dreyfus si mtu mbaya, na hofu yake haikutoka hewani. Mwaka 1982 wataalamu wa jiolojia wa Marekani walitoa tahadhari kuhusu Mammoth Lakes, mji wa utalii huko California. Volkano haikulipuka, bei za nyumba zilianguka, na wenyeji waliwakasirikia wataalamu kwa miaka. Filamu inakigusia kisa hicho. Kwa hiyo Dreyfus anasema subirini kidogo, tupate uhakika. Wanasubiri. Uhakika unapofika, umekuja pamoja na jivu, na maji yanayotoka bombani yamebadilika rangi.

Juu mlimani anaishi bibi Ruth, mama mkwe wa meya, ambaye hasogei. Hapo ule uhodari wa banda hupungua. Mabenchi ya nyuma yananyamaza, kwa sababu kila ukoo wa hapa una bibi Ruth wake. Marekani yenyewe ilimjua mtu kama huyo: mzee Harry Truman, mwenye umri wa miaka 83, aliyekataa kuacha nyumba yake chini ya Mlima St. Helens, akafunikwa nayo tarehe 18 Mei 1980 pamoja na watu wengine zaidi ya hamsini.

Sisi tuliozoea sauti za wasimuliaji wa filamu, Lufufu wa Tanzania na DJ Afro wa Kenya, tunaijua sheria ya banda: steringi hafi. Harry Dalton hafi. Anaifikisha familia ndani ya mgodi wa zamani, mlima unaufunga mlango, na yeye anakumbuka kadude kadogo alikokaacha ndani ya gari, kifaa cha kutuma ishara ambacho wenzake walikifanyia mzaha mwanzoni. Anakifuata, anakiwasha, na nje mtu anaiona ishara. Kadude hako tukaweke kando. Tutakahitaji.

Walikosea mlima, lava walipatia

Filamu ilipotoka, wanasayansi waliichambua. Walisema ziwa haliwezi kugeuka tindikali kali kwa usiku mmoja. Walisema gari likipita juu ya lava, magurudumu yatayeyuka kabla dereva hajabadilisha gia. Walisema pia milima ya upande ule wa Marekani haitoi lava ya majimaji inayokimbia. Ya kwao ni nzito kama ubwabwa, na kinachoua zaidi ni wingu la jivu la moto na mafuriko ya tope.

Wamarekani wako sahihi kuhusu milima yao. Lakini lava inayokimbia ipo, na iko kwetu. Karibu kilomita 300 kaskazini ya Baraka, ndani ya bonde la ufa hili hili linalobeba Ziwa Tanganyika, umesimama Nyiragongo, mita 3,470, na chini yake Goma yenye watu zaidi ya milioni moja. Mawe yaliyoyeyuka ya Nyiragongo yana silika kidogo sana, kwa hiyo hayashikamani. Yakipata mteremko hutiririka kama uji mwepesi.

Tarehe 10 Januari 1977 ukuta wa mlima ulipasuka, na ziwa la lava lililokuwa kileleni likamwagika lote kwa muda usiofika saa moja. Kwenye miteremko mikali lilikimbia kwa kasi inayokadiriwa kufika kilomita 60 kwa saa, mwendo ambao pikipiki ya barabara zetu haiufikii. Vijiji vilifunikwa. Idadi ya waliokufa inatajwa kuanzia sabini hadi mamia kadhaa, maana maiti nyingi hazikuonekana.

Tarehe 17 Januari 2002 mlima ulipasukia ubavu wa kusini. Lava iliingia mjini, ikafunika sehemu ya njia ya ndege, ikapita katikati ya maduka hadi ikatumbukia Ziwa Kivu. Watu kiasi cha 120,000 walipoteza makazi, na mamia ya maelfu walikimbia, wengi wakivuka mpaka kwenda Gisenyi nchini Rwanda. Zaidi ya mia walikufa, na makumi kati yao hawakuuawa na lava yenyewe: waliangamia katika mlipuko wa kituo cha mafuta, siku chache baada ya lava kuingia mjini.

Ukitafuta Harry Dalton wa kweli, mtafute hapo. Anaitwa Dieudonné Wafula, mtaalamu wa volkano wa Goma. Kabla ya mlipuko wa 2002 alikuwa ameona dalili, akawaandikia wenzake wa nje kuwaonya. Vyombo vyake vilikuwa vichache na vibovu. Mji ulikuwa mikononi mwa waasi wa RCD, na katikati ya vita nani angekuwa na muda wa kusikiliza habari za mlima?

Jumamosi ya wekundu

Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei 2021, anga la Goma liligeuka jekundu. Picha zilifika Baraka kwa simu kabla ya taarifa yoyote ya serikali, na kila mwenye ndugu Goma alianza kupiga namba zisizopokelewa. Huko watu hawakungoja amri. Walifunga mizigo, wakashika njia, wengine Gisenyi, wengine Sake, na maelfu walikuwa wameshavuka mpaka kabla hakujapambazuka.

Lava ilisimama pembezoni mwa mji, karibu na uwanja wa ndege. Serikali ilipohesabu mara ya kwanza ilikuta watu 15 wamekufa, na mgawanyo wake unafaa kusomwa polepole: tisa walikufa katika ajali ya barabarani wakikimbia, wanne walikuwa wafungwa waliojaribu kutoroka gereza la Munzenze, na wawili ndio waliotajwa kuungua. Hesabu ilipanda baadaye hadi kama 32, wakiwamo watu waliokosa hewa walipojaribu kukatiza juu ya lava ambayo bado ilikuwa ikitoa gesi. Watoto zaidi ya 150 walipotezana na wazazi wao.

Usiku wa kuamkia tarehe 27 gavana wa kijeshi, Constant Ndima, alitangaza kwamba lava iko chini ya mji na chini ya ziwa, na mitaa kumi ihame. Watu wanaokadiriwa kufika 400,000 waliondoka, wengine kwa boti hadi Bukavu. Mlipuko wa pili haukuja. Dreyfus angetikisa kichwa na kusema niliwaambia.

Baadaye ilijulikana hali ya wale waliopaswa kuulinda mlima. Mradi wa Benki ya Dunia uliosaidia kituo cha kuchunguza volkano cha Goma ulikuwa umekwisha 2020. Kwa miezi kadhaa kabla ya mlipuko, kituo kilikosa hata intaneti ya kuletea vipimo kutoka mlimani. Kwenye filamu mtaalamu anagombana na mkubwa wake. Goma mtaalamu alikuwa anadaiwa vocha.

Haki itendeke, lakini. Utafiti uliochapishwa 2022 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba mlima ule haukutoa dalili za kawaida. Mitetemo iliyoweza kuitwa onyo ilitangulia kwa muda usiofika saa moja. Hata mitambo yote ingekuwa inafanya kazi, na kila mshahara ungekuwa umelipwa, Goma ingepata dakika chache tu. Katika dakika hizo utabiri si kitu. Kinachohitajika ni king'ora ambacho mtoto anaijua maana yake, barabara iliyoachwa wazi, na familia iliyokwisha kukubaliana itakutana wapi ikipotezana.

Swali lililopinduka

Sasa turudi kwenye benchi la nyuma. Kwenye filamu mtaalamu yupo, mitambo ipo, helikopta ipo, na watu hawakimbii. Huku kwetu watu wanakimbia vizuri sana, lakini hakuna aliyewaambia. Goma ya 2021 ilianza kukimbia kabla ya tangazo. Fizi ya 1996 haikusubiri barua ya msimamizi wa teritware. Tumejifunza kusoma anga, kusikiliza mbwa, kupima kimya cha barabara. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Ushujaa huo tunausifu, na kwa kuusifu tumemsamehe aliyepaswa kupiga kengele.

Wenyeji wa Goma wana neno mazuku, gesi nzito inayojikusanya mabondeni bila rangi, ikiua mbuzi, kuku, na mtu aliyepita alfajiri. Wanasayansi wa dunia hawakutafuta jina jingine. Wanaandika mazuku katika vitabu vyao. Elimu ya kienyeji ilitangulia, dunia ikaazima. Neno limesafiri mbali namna hiyo, na bado kuna familia zinazojenga mahali pasipowekwa hata kibao cha kuwatahadharisha.

Halafu kuna suala la kurudi. Goma ilirudi baada ya 2002 kabla ardhi haijapoa. Watu walichonga mawe ya lava wakajengea kuta, wakamwaga misingi juu ya paa za nyumba zao za zamani. Wageni huita huo ukaidi. Mtu wa Baraka hawezi kusema hivyo, naye alirudi kwenye kiwanja chake akitoka Nyarugusu ilhali vita havijaisha. Mtu hurudi kwenye soko lake, shamba lake, kaburi la baba yake. Mpango wowote wa kuokoa watu ambao hauwaambii watarudi lini, na nani atalinda mabati yao, utasikilizwa na wachache.

Moto wetu uko majini

Fizi haina volkano inayowaka. Katika Kivu ya Kusini nzima, milima kama Kahuzi na Biega ilizaliwa na moto, lakini moto wake ulizimika zamani sana. Bonde la ufa, hata hivyo, halilali. Huko Ubwari, rasi inayoonekana kutoka Baraka ng'ambo ya ghuba, watafiti walipiga mbizi karibu na ncha ya Banza miaka ya 1980 wakakuta maji ya moto yakibubujika kutoka sakafu ya ziwa, mengine yakikaribia kuchemka. Desemba 2005 tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilitikisa Ziwa Tanganyika na kuangusha nyumba Kalemie. Februari 2008 ilikuwa zamu ya Bukavu. Kwa hiyo kijana wa Baraka anapowaona wale wawili wa filamu wakiingia kwenye chemchemi, asidhani ni mambo ya ng'ambo.

Lakini mlima uliotuua sisi haukutoa moto, ulitoa tope. Filamu ile inaanzia Colombia, na hapo ilimgusa mwalimu wa kweli. Tarehe 13 Novemba 1985 volkano ya Nevado del Ruiz ililipuka kidogo tu, ikayeyusha barafu ya kileleni, na tope likateremka kwa mito mpaka mji wa Armero. Watu zaidi ya 20,000 walizikwa. Ramani ya hatari ilikuwa imechapishwa mwezi mmoja kabla. Tope lilichukua zaidi ya saa mbili njiani, na mji ulikuwa umeambiwa utulie.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Mei 2025 mvua kubwa ilinyesha juu ya kijiji cha Kasaba, sekta ya Ngandja, hapa hapa Fizi. Mto Kasaba ulivunja kingo, ukateremka na mawe, miti na matope hadi ufukweni, ukafagia nyumba watu wakiwa wamelala. Taarifa za kwanza zilitaja maiti 62; viongozi wa eneo walisema waliokufa wamezidi mia, wengi wao watoto na wazee. Hakukuwa na lava wala steringi. Ulikuwa ni mto wenye jina la kijiji, ambao watoto walichota maji humo jana yake.

Kuna jambo moja lililoripotiwa siku zile na likapita haraka. Kasaba hufikiwa kwa njia ya ziwa tu, na mtandao wa simu haukuwapo. Hata kama mtu wa huko juu milimani angesikia mto unavyonguruma, angempigia nani? Hata kama Baraka ingejua usiku ule ule, boti lingefika saa ngapi?

Mwishoni mwa Januari 2025 Goma iliingia mikononi mwa waasi wa M23. Mwaka 2002 ilikuwa mikononi mwa RCD. 2021 ilikuwa chini ya amri ya kijeshi ya Kinshasa. Watawala wanabadilishana kiti, na Nyiragongo hauulizi nani amekikalia. Mto Kasaba nao hauulizi. Ndiyo maana kazi ya kupiga kengele haiwezi kungoja amani ije kwanza. Ngoma ya kijiji, filimbi ya mchungaji wa mbuzi, redio ya jamii, mtu mmoja mwenye simu ya setilaiti kila kijiji cha ufukweni: hivyo si vitu vya Hollywood, na bei yake haifiki hata ya tukio moja la filamu ile.

Filamu inapokwisha, jenereta huzimwa, na vijana hutoka wakibishana kuhusu gari lililopita juu ya lava. Hakuna anayekataja kale kadude. Mlima mzima umewaangukia watu wanne ndani ya mgodi, mji umekuwa jivu, daraja limekwenda na maji pamoja na Dreyfus, na wanaishi kwa sababu kifaa kimoja kidogo kilituma ishara, na upande wa pili alikuwapo mtu aliyekaa macho kuipokea.

Kasaba ilikuwa na watu wa kutosha waliojua kukimbia. Ishara ndiyo haikuwapo, wala wa kuipokea.